Shahidi Aliyekataa Kunyooshwa

Mkunde alikuwa bado anafuta jasho la viganja kwenye gauni lake pale mashine ilipoanza kusema kwa niaba yake.

"Mheshimiwa Jaji, naitwa Mkunde Senzia, mkazi wa Makao ya Utulivu. Nipo hapa kwa hiari yangu na nitaeleza ukweli wote ninaoufahamu."

Sauti ilikuwa ya kike, laini, kama ya mtu aliyesoma taarifa ya habari maisha yake yote. Ilitoka kwenye vipaza sauti vya ukutani, juu ya nembo ya taifa. Mkunde aligeuka kushoto, akageuka kulia, akimtafuta huyo mwanamke. Yeye mwenyewe alikuwa amesema neno moja tu: "Shikamoo."

Watu wa benchi la nyuma walicheka. Nambike hakucheka. Alikaa mbele kabisa, kitenge cheusi kimemfunika mpaka magotini, macho yake yakiwa kwenye ile pete nyembamba ya fedha iliyofungwa shingoni mwa Mkunde. Pete ilikuwa na taa ndogo ya kijani. Taa ikiwaka, Mnyooshaji, ndiyo ile mashine, anasikiliza. Ikizima, amemaliza kusikiliza na sasa anasema.

Nambike alikuwa mama yake Elinami. Elinami alifia Makao ya Utulivu kiangazi kilichopita, ndani ya chumba kilichofungwa, na mtu pekee aliyekuwa upande wa pili wa mlango ni huyu Mkunde, aliyezaliwa na akili yenye mwendo wake wa polepole. Kizimba cha pili, mkono wa kulia, alikaa Bi. Eunike Kiangi, msimamizi wa Makao, ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Alivaa suti ya kijivu, na nywele kazibana nyuma. Ni mwanamke huyo huyo aliyewahi kumshika Nambike mkono getini na kumwambia, "Nenda kwa amani, mama. Hapa atajifunza."

Mahakama ya Kivumoni ilikuwa imejengwa chini ya mlima, mahali ambapo upepo haufiki. Mapanka ya darini yalizunguka kivivu. Jaji Mwambene, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alijipepea kwa faili.

"Endelea, Wakili," alisema.

Wakili Rweyongeza, mwendesha mashtaka, alikuwa kijana mrefu mwenye kuinama kidogo anapoongea, utadhani anaogopa kugonga kichwa. Alimkaribia shahidi wake.

"Dada Mkunde, siku ile ilikuwaje? Sema pole pole."

"Jua," alisema Mkunde. "Jua kali. Mimi nafua. Elinami ndani."

Taa ikazima. "Siku hiyo kulikuwa na joto kali," ilisema sauti ya ukutani. "Nilikuwa nafua nguo uani, karibu na chumba cha utulivu, ambamo marehemu Elinami alikuwa amefungiwa."

Kwenye skrini kubwa mbele ya Jaji maneno yalijipanga yenyewe, nukta na mkato mahali pake. Hakuna karani aliyeandika. Kalamu zilikwisha mahakamani siku nyingi.

Wapo waliokumbuka hali ilivyokuwa kabla ya pete, na Nambike alikuwa mmoja wao. Zamani hizo mtu kama Mkunde alifika mlangoni akarudishwa. Aliulizwa, unajua maana ya kiapo? Akikaa kimya, au akisema anajua ugali, basi, kesi imekufa. Waliodhulumiwa mashamba, waliobakwa na wajomba zao, waliopigwa na waliopewa kazi ya kuwatunza, wote hao waliambiwa kwamba aliyeona si mtu wa kuona. Ndipo wakaja mafundi na Mnyooshaji wao. Walimlisha ushahidi wa miaka na miaka, kutoka mahakama zote, mpaka akajua jinsi mashahidi wanavyosema na wanachomaanisha wanaposita. Pete husikiliza koo. Maneno yaliyokatika huyaunga, yaliyopinda huyanyoosha, na palipo na kimya huweka kile ambacho mashahidi wa namna hiyo, katika kesi za namna hiyo, kwa kawaida humaanisha. Sheria ikaliita jambo hilo kujaza pengo kwa nia njema. Siku sheria ilipopita, Nambike na wazazi wenzake walicheza barabarani. Elinami alikuwa mgongoni mwake, mtoto mdogo bado.

"Elinami alikuwa ndani," alisema Rweyongeza. "Halafu ikawaje?"

Mkunde hakujibu. Midomo yake ilicheza kidogo, ikatulia. Akakunja ngumi. Akaigonga kwenye ubao wa kizimba, pole pole, kwa kiungo cha kidole cha kati.

Ngo, ngo. Akangoja. Ngo.

Nambike aliujua mlio ule kama anavyojua jina lake. Uligongwa kwenye ukuta wa jikoni kwake, kwenye sufuria, kwenye beseni, kwenye mlango wa choo akiwa ndani hata hajamaliza. Ngo, ngo, halafu kimya cha kungoja, halafu ngo. Ni Elinami huyo. Hakuna mwingine duniani aliyegonga hivyo.

Lakini pete husikiliza koo, na koo la Mkunde lilikuwa kimya. Taa ya kijani ikazima.

"Nilimsikia Elinami akipiga kelele ndani," ilisema sauti laini. "Alisema, 'Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!' Alirudia mara nyingi, na sauti yake ikawa inafifia, mpaka ikakatika."

Mahakama nzima ikashusha pumzi. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Masikini wa Mungu." Bi. Eunike alifumba macho.

Na Nambike, asiseme mtu uongo, kwa kitambo alifurahi. Alimsikia mwanawe akisema. Maisha yote ya Elinami alikuwa akijiuliza sauti yake ingekuwaje, nzito kama ya babu yake au nyembamba, na sasa imetamkwa mbele ya watu, imeandikwa kwenye skrini. Alitamani isemwe tena.

"Nani kasema hivyo?" Ni Mkunde.

Taa ikawaka, ikazima. "Naomba niendelee, Mheshimiwa."

"Siyo mimi! Huyo nani? Huyo mwongo!"

"Mheshimiwa, naomba radhi," ilisema sauti. "Nimezidiwa na majonzi."

Mkunde aliinua uso akakitazama kipaza sauti kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyeingia jikoni. Kisha akapeleka mikono yote miwili shingoni, akaivuta pete mpaka kifungo kikaachia. Akaiweka kwenye ubao wa kizimba na kuisukuma mbali kwa kidole.

"Mchukueni," alisema. "Anasema uongo."

Minong'ono ikapanda. Jaji Mwambene aligonga meza.

"Mwendesha mashtaka, ongea na shahidi wako," alisema. "Asipovaa pete, sheria hainipi njia ya kumpokea. Tunapumzika kidogo. Na mpeni maji, huyu dada anatetemeka."

*

Nyuma ya mahakama palikuwa na banda la mama lishe, na chini ya banda benchi la mbao. Mkunde aliletewa chapati na chai ya maziwa. Alikula akiwa amewapa mgongo, kwa hasira, akirarua vipande vikubwa.

Wakili Rweyongeza hakukaa. "Mama Elinami," alisema, "wewe anakusikia. Mwambie aivae."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aivae tu, akubali yaliyosemwa. Nusu saa, tumemaliza. Unaelewa tulipofika? Tumeshika kesi mkononi."

"Baba, umesikia kilichosemwa mle ndani?"

"Nimesikia."

"Mwanangu alisema 'nifungulieni'?"

Rweyongeza alitazama viatu vyake, vyekundu kwa vumbi. "Faili la Makao linasema alikuwa na shida ya kuongea. Shida siyo kutoweza kabisa."

"Elinami hakuwahi kusema neno. Wala 'mama'. Nilimwambia polisi aliyekuja nyumbani, akaandika 'shida ya kuongea', nikajua atakuwa ameelewa. Wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza," alisema Rweyongeza. Hakujitetea. Alikaa sasa, mwisho wa benchi. "Acha nikueleze, mama, halafu uamue mwenyewe. Kile chumba kina sikio mlangoni. Aliyemo akisema 'fungua', mlango unafunguka. Ndivyo kilivyopewa kibali, kwa sharti kwamba hawekwi mtu asiyeweza kusema. Siku ile umeme ulishuka, feni likazima, joto likapanda. Wakili wa utetezi, Kapufi, anasema Elinami aliweza kusema ila hakuita. Alilala, kifafa kikamchukua, hakuna wa kulaumiwa. Mimi nasema aliita, sikio lilikuwa bovu, na Bi. Eunike alijua ni bovu. Umeona? Sisi wawili tunagombana kuhusu mlango. Kuhusu sauti tumekubaliana."

"Mmekubaliana kumpa mwanangu sauti ambayo hakuwa nayo."

"Bi. Eunike ndiye aliyesaini karatasi kwamba anaongea. Wewe ukisema haongei, ni neno la mama dhidi ya faili. Nitathibitishaje kwamba alijua? Kwa shahidi gani? Huyu?" Alimwelekezea kidevu Mkunde. "Bila pete, kisheria huyu ni benchi. Ni mti."

"Mti wewe," alisema Mkunde bila kugeuka, mdomo umejaa chapati.

Mama lishe alicheka mpaka akashika kiuno. Rweyongeza mwenyewe alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

"Na siyo kesi hii peke yake," aliendelea. "Kuna binti kule Gonja, amemtia gerezani baba wa kambo aliyemdhuru, kwa pete hii hii. Yupo mzee bubu aliyerudishiwa shamba. Ukisimama leo ukasema Mnyooshaji amezua maneno, mawakili wote nchini watakata rufaa. Kina Mkunde watarudishwa nje ya mlango kama zamani. Nani atawatetea? Sisi tulicheza barabarani kwa ajili ya pete, mama. Na mimi nilikuwepo, nilikuwa mwanafunzi."

Nambike alimfahamu yule binti wa Gonja kwa jina. Alimfikiria akiambiwa kwamba aliyemdhuru anarudi nyumbani. Pia alimfikiria Bi. Eunike akitoka mlango mkubwa, akipanda gari lake, akiwasha feni.

"Pete haikudanganya," alisema Rweyongeza kwa upole. "Imejaza pengo tu. Ukichukua watu elfu waliofia nyuma ya mlango uliofungwa, wengi waliita."

"Wengi siyo mwanangu."

"Najua."

"Hujui, baba. Ungejua usingesema."

Mkunde alikuwa amemaliza chapati. Alijifuta mikono, akaja akasimama mbele ya Nambike, karibu sana kama kawaida yake, mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama Elinami. Unataka niseme aliita?"

Swali lilikuwa jepesi, halikuwa na lawama ndani yake. Kama Nambike angesema ndiyo, Mkunde angevaa pete. Hilo lilionekana wazi usoni mwake. Angeivaa kwa sababu Nambike ni mama wa rafiki yake, na mama akiomba kitu hupewa. Ndiyo maana swali lilikuwa zito kuliko yote Nambike aliyoulizwa tangu msiba. Alikuwa amepewa rungu la kumpiga aliyemuua mwanawe, na mpini wake ulikuwa shingo ya mtu mwingine.

"Wewe ulisikia nini?" aliuliza.

"Aligonga."

"Basi usiseme aliita."

"Sawa," alisema Mkunde, kana kwamba wamekubaliana bei ya nyanya.

Askari wa mahakama akatokea mlangoni na kuwaita. Rweyongeza alisimama, akavuta joho lake mabegani. "Mama, nakuomba. Ukikaa kimya tu, mimi nitaona la kufanya. Kimya chako hakitakuwa uongo."

"Kimya cha Mkunde kilikuwa kimya pia," alisema Nambike. "Ona kilichowekwa ndani yake."

*

Jaji alipokaa, Rweyongeza alisimama akafungua mdomo, na kabla hajapata neno, Nambike naye alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, mwanangu hakuwahi kusema."

Mawakili wote wawili walimgeukia kwa pamoja. Kapufi, mtu mfupi mwenye tai nyekundu, alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Pingamizi, Mheshimiwa! Huyu si shahidi kwa sasa."

"Mheshimiwa, naomba mama huyu apewe muda atulie kwanza," alisema Rweyongeza.

Jaji Mwambene alivaa miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Ajabu. Tangu kesi hii ianze hamjawahi kukubaliana hata kuhusu kufungua dirisha. Leo wote mnataka mama anyamaze. Kaeni. Mama, sema."

"Elinami alizaliwa hana sauti ya maneno. Hakusema nyumbani, hakusema Makao. Yule aliyeita 'nifungulieni' simjui."

"Mheshimiwa," alisema Kapufi, "faili rasmi linasema kwamba marehemu hutoa sauti."

"Hata bawaba hutoa sauti, baba," alisema Nambike. "Umewahi kuiuliza habari za asubuhi ikakujibu?"

Kicheko kilipita kwenye mabenchi. Kapufi alirekebisha tai. Kule kizimbani Bi. Eunike alikuwa amefumbua macho, na alikuwa anamtazama Nambike kwa namna ambayo Nambike hakuielewa.

Jaji hakucheka. "Mama Elinami, unajua unachokivunja? Hayo maneno kwenye skrini ndiyo kesi ya serikali. Yakianguka, huenda mshtakiwa akalala kwake leo."

"Najua, Mheshimiwa." Aliushika ukingo wa benchi. "Nimelia mpaka machozi yamenikinai. Nataka afungwe. Nisingekuja hapa kama sitaki. Lakini mkimfunga kwa ajili ya yule wa kwenye skrini, wangu atakuwa amekufa bila kesi. Nitamzika mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimeshika jembe mwenyewe."

Ukasikika mlio wa ndala. Mkunde alikuwa anatembea kutoka benchi la mashahidi. Hakuitwa na mtu. Alipanda ngazi ya kizimba, akashika ubao kwa mikono miwili. Pete ilikuwa pale pale alipoiacha. Hakuigusa.

"Mkunde," alisema Jaji, "bila hiyo pete siwezi kukusikia."

"Masikio unayo?"

"Ninayo."

"Basi."

Safari hii Jaji Mwambene alishindwa kuzuia tabasamu. Aliweka faili chini. "Sheria inasema maneno ya shahidi wa namna hii, bila pete, si ushahidi. Haisemi kwamba nizibe masikio. Nitamsikiliza ili nijue kama anaweza kusikilizwa. Pingamizi lako nimeliona linakuja, Wakili Kapufi. Lihifadhi. Au muulize wewe. Nakupa nafasi ya kwanza."

Kapufi alifikiri kidogo, akaona mlango umefunguka kwa faida yake. Alikuja mbele ameweka mikono nyuma, akitabasamu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mkunde, Elinami alikuwa anagonga?"

"Eee."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anagonga meza? Ukuta? Sahani?"

"Na kichwa changu."

Watu walicheka, na Kapufi akacheka nao. "Pole sana. Mheshimiwa, mnaona. Kijana aligonga kila kitu, kila siku. Kugonga kwake kulikuwa kelele tu. Hakukuwa na maana yoyote. Si ndivyo, Mkunde?"

Mkunde alimtazama kwa huruma. "Akigonga meza, ana njaa. Akigonga kichwa changu, anacheza. Akigonga mlango, nafungua."

"Unafungua wewe? Mlango ule hufunguka kwa sauti, dada yangu."

"Mlango una ufunguo. Uko kwenye msumari. Akigonga, nafungua, anatoka. Kila siku."

Rweyongeza aliinua kichwa. Ufunguo huo haukuwepo kwenye skrini wala kwenye karatasi zake. Kila alipomhoji Mkunde alimhoji kwa pete, na pete ilijua kwamba vyumba vya namna ile havina funguo.

Wakili mwenye busara angekaa hapo. Lakini Kapufi alikuwa amezoea mashahidi walionyooshwa, ambao jibu lao hujulikana kabla ya swali, na joto lilikuwa kali, na alitaka kumaliza.

"Kama ulifungua kila siku," alisema, "siku ile kwa nini hukufungua?"

Mkunde alinyamaza.

Alinyamaza sana. Panka lilizunguka. Mtu alikohoa, akajizuia. Nambike alihisi kila mtu ukumbini akitamani kumsaidia, kumtupia neno aliokote, na yeye mwenyewe ulimi ulimwasha. Aliuma meno. Hakuna sauti iliyotoka ukutani. Kimya kilibaki cha Mkunde, na hakuna aliyekitia mkono.

"Msumari mtupu," alisema Mkunde mwishowe. "Ufunguo anao Bi. Eunike. Mfukoni. Nikamwambia, Bi. Eunike, anagonga. Akasema, acha. Leo ataita mwenyewe."

Kapufi alifungua mdomo.

"Sijamaliza," alisema Mkunde. "Nikamwambia, haiti. Elinami haiti. Akasema, leo ataita. Akiita nampa soda. Akagonga. Akagonga. Nikaenda kwa Bi. Eunike tena, akanifukuza. Nikarudi. Nikagonga na mimi. Yeye anagonga, mimi nagonga. Halafu mimi peke yangu."

Nambike alijifunika uso na kitenge. Hakulia kwa sauti. Alisikia, kutoka kizimba cha kulia, pumzi ikiingia kwa nguvu kama ya mtu aliyemwagiwa maji. Alipofunua uso alimwona Bi. Eunike ameinama. Alimngoja atikise kichwa kukataa, kama alivyokuwa akikataa kila jambo tangu kesi ianze. Hakutikisa.

"Mheshimiwa!" Kapufi alikuwa amepata sauti yake. "Naomba maneno hayo yafutwe kwenye kumbukumbu za mahakama!"

Karani, msichana aliyekuwa na kazi moja tu ya kuwasha na kuzima mfumo, alitazama skrini yake. "Hayapo, Mheshimiwa," alisema kwa woga. "Mfumo haukuandika. Hakuna pete."

Kweli. Kwenye skrini kubwa maneno ya mwisho yalikuwa bado yale ya asubuhi, yamepangwa vizuri, nukta na mkato: *Jamani, nifungulieni.*

Kapufi alipumua. "Basi hakuna kilichosemwa," alisema, akarudi kukaa.

"Mwendesha mashtaka," alisema Jaji.

Wakili Rweyongeza alisimama. Alikuwa amenyooka wima, hakuinama. Nambike akajua anamfikiria yule binti wa Gonja, na yule mzee, na wengine wote.

"Upande wa mashtaka unaondoa ushahidi uliotolewa na pete, Mheshimiwa. Wote. Hatuutegemei tena. Tunamtegemea Mkunde Senzia, kama alivyosimama."

"Unajua watakachosema rufani?"

"Najua. Nitakuwa kule kuwajibu."

Jaji Mwambene aliinamisha kichwa kwa muda. Kisha akafungua mtoto wa meza, akapekua, akafungua wa pili, akaufunga. "Mna kalamu?" aliuliza.

Karani akatazama huku na huku. Askari akajipapasa mifuko. Kalamu haikupatikana kwa mawakili wala kwa waandishi wa habari. Mwishowe yule mama lishe, aliyekuwa ameacha jiko lake na kusimama mlangoni, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaipitisha mkono kwa mkono mpaka mezani. Jaji aligeuza jalada la faili alilokuwa akijipepea, upande mweupe ukawa juu.

"Mheshimiwa, kwa heshima yote, hiyo si kumbukumbu ya mahakama," alisema Kapufi.

"Ni mwandiko wa jaji. Ukiupinga, upinge mbele ya majaji wengine. Sasa nyamaza, nimesahau hata kushika kalamu." Aliijaribu pembeni mwa karatasi mpaka wino ukatoka. "Mkunde, nisaidie. Bi. Eunike alisema maneno gani? Alisema, 'Leo atajaribu kuita'? Au..."

"Nimeshasema."

"Ndiyo, mwanangu. Ila nataka niandike sawasawa."

Mkunde aliegemea ubao wa kizimba, akanyoosha shingo aone ile karatasi, ijapokuwa hakujua kusoma. Shingoni pete ilikuwa imemwachia alama nyekundu.

"Leo ataita," alisema, neno moja moja, akingoja kalamu ifike. "Andika hivyo. Usiongeze."